Mguu wa Chiriku na Hadithi za Kinyozi

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kiti chake, anakufunga kitambaa shingoni, anaipiga mashine kofi moja ili iamke, halafu anaanza hadithi. Kichwa kikiisha, hadithi haijaisha. Watu walinyolewa, wakalipa, kisha wakarudi kukaa kwenye benchi ili wasikie mwisho wake.

Hadithi zake zote zilikuwa za mashujaa wa nchi. Hilo ni jambo jema, wala sisemi vinginevyo. Siku hizi mtoto anaweza kukutajia wachezaji wa mpira wa nchi za mbali, na namba za jezi zao, lakini ukimuuliza nani aliipigania nchi yake anakutolea macho. Kinyozi lilimuuma jambo hilo. Akaapa kuwa mtoto wake hatakuwa hivyo.

Mtoto wake alikuwa msichana wa darasa la tatu. Tulimwita Chiriku, kwa sababu alisema tangu anaamka mpaka analala. Mama yake alikuwa mpishi katika mgahawa wa karibu na stendi. Alitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, amechoka, nguo zinanuka moshi. Kwa hiyo Chiriku akitoka shule alipitia kwa baba yake. Alikaa kwenye benchi akala mkate na chai, akafagia nywele sakafuni, na kusikiliza.

Shujaa aliyependwa kuliko wote pale kwa kinyozi aliitwa Jemadari. Kisa chake kila mtu anakijua. Wageni wenye bunduki walikuja kuitwaa nchi. Jemadari na watu wake wakawazuia darajani. Akapigwa risasi ya mguu, akapona, akarudi tena kupigana. Vitabu vya shule vinaishia hapo. Kinyozi hakuishia hapo.

"Risasi ikamwingia hapa," anasema, akiligonga paja la mteja kwa kichana. "Alilia? Hakulia. Aliguna? Hakuguna. Alitembea nayo mguuni, mlima kwa bonde, mpaka kwao. Tena anaimba."

"Na mgongoni amembeba mwenzake," anaongeza dereva mmoja wa lori. Huyu tulimwita Mzee Chumvi, maana hakuna hadithi iliyopita mikononi mwake ikabaki kama ilivyokuwa.

"Naam, amembeba mwenzake," anakubali kinyozi. Ukirudi wiki nyingine, wenzake waliobebwa wamekuwa wawili.

Hakuna aliyebisha. Utabishana vipi na mtu ambaye wembe wake uko shingoni mwako? Hata kutikisa kichwa huthubutu. Ndivyo hadithi za pale zilivyonenepa mwaka hadi mwaka, bila mtu wa kuuliza swali.

Kinyozi alizitumia nyumbani pia. Chiriku akilia kwa kuchanwa nywele, baba yake anasema, "Jemadari hakulia." Akiogopa kwenda uani peke yake, anaambiwa, "Jemadari angekuona angesemaje?" Akiumwa jino, ni hayo hayo.

"Baba Chiriku," mkewe alimwambia siku moja, "mtoto ni mtoto."

"Samaki mkunje angali mbichi," kinyozi akajibu, akacheka. Mama akaachana naye, akaenda kuinjika chai.

Sasa, jirani wa kinyozi alikuwa muuza rangi. Siku moja alibomoa rafu zake kuukuu na kuzitupa mbao nje, na misumari yake. Chiriku akatokea mbio kutoka shule. Soli ya kiatu chake ilikuwa imekwisha kwa kuruka kamba. Akakanyaga ubao. Msumari ukapita kwenye soli, ukamwingia katika unyayo.

Alikaa chini nyuma ya kibanda cha baba yake, akauvuta mwenyewe. Damu ilikuwa kidogo. Machozi yakamjia, akayafuta kwa sketi ya shule. Kisha akaingia ndani. Baba yake alikuwa katikati ya hadithi: Jemadari yuko mlimani, anaimba. Chiriku akakaa kwenye benchi, akaubana mguu chini ya mguu mwingine, akala mkate wake.

"Leo Chiriku wetu kimya," akasema Mzee Chumvi.

"Anakua huyo," baba akasema, na moyoni akafurahi. Masikini, hakujua anafurahia nini.

Siku zilizofuata Chiriku alitembea kwa kisigino. Walimu walipomuuliza, alisema anacheza. Baba alipomuuliza, alisema kiatu kinabana. Nyumbani hakuvua soksi mbele ya mtu.

Siku ya mapumziko ya mama, alimwita mwanawe aje aogeshwe. Kwa kawaida Chiriku alipenda sana kuogeshwa, maana mama aliyeshika dodoki hawezi kumkimbia msemaji. Siku hiyo akasema ataoga mwenyewe. Mama akashangaa. Akamkalisha kwenye kigoda, akaivuta soksi. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Mama akailowesha kwa maji ya vuguvugu mpaka ikaachia.

Unyayo ulikuwa umevimba, unang'aa, na una joto. Harufu yake haikuwa nzuri.

"Mwanangu, hiki ni nini?" mama akauliza.

"Msumari."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mbao."

"Mbona hukusema?"

Chiriku akamtazama mama yake kama anayeulizwa swali rahisi mno. "Jemadari hakusema," akajibu.

Mama alimbeba mgongoni, akatoka naye. Alipopita kwa kinyozi alisimama mlangoni. Mteja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu.

"Zima hiyo mashine," mama akasema. "Twende zahanati."

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Aliukagua mguu, akamdunga Chiriku sindano ya kuzuia pepopunda, akaosha kidonda na kutoa usaha.

"Mtu akichomwa na msumari," akawaambia wazazi, "osheni hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, na mje siku hiyo hiyo. Hata kama damu ni kidogo. Tundu dogo la msumari ni baya kuliko mchubuko mkubwa, kwa sababu uchafu unaingia ndani na ngozi inaufungia huko. Nyinyi mmechelewa."

"Hatukujua," kinyozi akasema.

"Hamkuambiwa?"

Kinyozi akatazama sakafu.

Muuguzi akabonyeza unyayo taratibu. "Hapa panauma, binti?" Chiriku akatikisa kichwa kukataa. "Na hapa?" Akatikisa tena. Jasho lilikuwa linamtoka puani, na mikono ilikuwa imeng'ang'ania kitanda, lakini uso wake ulikuwa mkavu.

Muuguzi akaacha. Akawageukia wazazi.

"Mguu kama huu hauwezi kukosa kuuma. Nadhani kuna kitu kimebaki ndani. Mimi sioni chini ya nyama. Huyu ndiye wa kunionyesha kilipo. Akinificha, nitakuwa napapasa gizani." Akamfunga bandeji. "Nawapa dawa. Mrudi kesho kutwa. Kama uvimbe haujapungua na mtoto hajasema, nawapeleka hospitali kubwa. Sumu ikipanda, mguu unaweza kupotea. Sisemi kuwatisha. Nasema mjue."

Nyumbani kinyozi alimpakata mwanawe. "Chiriku, mama," akasema, "ukimwona muuguzi, useme panapouma. Sawa?"

"Hapaumi, baba," akasema Chiriku, akatabasamu.

Lile tabasamu lilimchoma kinyozi kuliko wembe. Alilijua. Ni yeye aliyemfundisha. Ametia maneno masikioni mwa mtoto miaka mitatu, leo anataka kuyatoa kwa dakika moja. Yatoke wapi?

"Umemfundisha kujificha," mkewe akasema, bila kupandisha sauti. "Sasa mfundishe kusema."

"Nianzie wapi?"

"Mimi sijui hadithi. Nenda kwa Bi Miwani."

Bi Miwani alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alifanya kazi katika makumbusho ya mjini, akiwatembeza wanafunzi na wageni. Miwani yake ilikaa kichwani siku zote, na siku zote alikuwa anaitafuta. Mchana wa siku iliyofuata kinyozi akafunga kibanda, akamfuata kazini. Akamweleza yote, mpaka lile jibu la kwenye kigoda.

Bi Miwani hakumlaumu. "Shemeji," akasema, "mara ya mwisho kuingia humu ilikuwa lini?"

"Nilipoletwa na shule."

"Ukaona nini?"

"Bunduki ya Jemadari. Na mikuki."

"Kila mtu anaiona bunduki. Njoo huku."

Wakapita chumba kirefu chenye sakafu iliyong'arishwa kwa nta. Kwenye kona ya mwisho, ndani ya kabati la kioo, kulikuwa na fito mbili ndefu na ngozi kavu iliyofungwa katikati yake. Kioo kilikuwa na vumbi. Bi Miwani akalipangusa kwa kiganja.

"Hii ni machela," akasema. "Ndiyo iliyombeba Jemadari kutoka darajani."

Kinyozi akashtuka. "Si alitembea?"

"Na mfupa uliovunjwa na risasi? Shemeji, umewahi kuteguka mguu?"

"Nimewahi."

"Ulirudi nyumbani unaimba?"

Kinyozi akajikuta anacheka, ingawa hakuwa na hamu ya kucheka.

"Walimbeba watu wanne kwa zamu," Bi Miwani akaendelea. "Wawili walikuwa wanawake waliokuwa wanapeleka chakula darajani. Majina ya wawili tunayajua. Ya wengine hatuyajui, na watoto tunawaambia wazi kwamba hatuyajui. Tuna kanda ya sauti ya mjukuu wa dada yake Jemadari. Anasema bibi yake alikuwepo siku hiyo. Jemadari alilia njia nzima. Alimwita mama yake, na mama yake alikuwa amekufa zamani. Walipofika kwa mganga, mganga hakuijua risasi iko wapi, maana paja lote lilikuwa limevimba. Jemadari mwenyewe akaonyesha kwa kidole. Hapa. Ikatolewa. Asingeonyesha angekufa, na ile sanamu yake ya jiwe ya mjini isingekuwepo."

Kinyozi akaitazama ile ngozi kavu katikati ya fito.

"Lakini dada," akasema mwishowe, "nikimwambia mtoto kwamba Jemadari alilia, si nitakuwa namshusha?"

"Utamshusha, ndiyo. Kutoka kwenye jiwe. Jiwe haliumwi, kwa hiyo jiwe kurudi vitani si ajabu. Huyu aliumia, akalia, akaijua risasi ilivyo kali. Halafu akarudi palepale darajani. Wewe unamwonaje, mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa," kinyozi akasema taratibu. "Mkubwa kuliko yule wangu."

"Basi mpe mtoto huyo. Msimulie kama unavyomsimulia habari za babu yake. Unachokijua, sema. Usichokijua, sema hatujui, wala usijaze mwenyewe. Wataje na waliombeba, maana hakuna nchi iliyokombolewa na mtu mmoja. Na mwache aulize."

"Huyo hata usipomwacha anauliza."

"Ndivyo anavyotakiwa awe. Na jambo la mwisho, shemeji. Shujaa usimfanye fimbo. Mtoto ukimchapa kila siku kwa jina la Jemadari, ama atamchukia Jemadari, ama atajichukia mwenyewe." Akapapasa mifuko yake. "Nilitaka nikusomee maandishi haya ya kabatini, ila sijui miwani nimeweka wapi."

"Kichwani," kinyozi akasema.

Jioni hiyo mama alikuwa anapakua chakula. Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Baba yake akakaa karibu naye.

"Leo nimekwenda kumwona Jemadari," akasema.

Chiriku akageuza kichwa. Kinyozi akamsimulia. Safari hii hakugonga paja la mtu wala hakupandisha sauti. Alisimulia habari za machela, na zamu, na wanawake wa chakula. Alipofika kwenye kulia, Chiriku akamkatiza.

"Wewe ulisema anaimba."

"Nilisema."

"Na alimbeba mwenzake."

"Hakumbeba mtu. Alibebwa yeye."

"Kwa hiyo ulikuwa unadanganya?"

Mama alisimama na mwiko mkononi. Hakuna baba anayependa swali hilo.

"Ndiyo," kinyozi akasema. "Niliongeza. Nilidhani nikiongeza ndiyo utampenda. Nilikosea, mwanangu."

Chiriku akafikiri. Kisha maswali yakaanza. "Alikuwa mzito?"

"Hatujui."

"Waliombeba kwenye machela walichoka?"

"Bila shaka walichoka. Ndiyo maana walipokezana."

"Alilia kwa sauti?"

"Mpaka watu wakamsikia."

"Wakamcheka?"

"Hapana," akasema baba yake. "Wakaongeza mwendo."

Chiriku hakuuliza tena. Alikula kidogo, akalala. Kinyozi hakujua kama maneno yake yameingia au yamepita tu. Alikaa pale akitazama ile bandeji, na mkewe akaja kukaa naye.

Siku ya kurudi zahanati ikafika. Uvimbe ulikuwa haujapungua. Muuguzi akafungua bandeji, akautazama mguu, akawatazama wazazi. Kinyozi aliyaelewa macho yale.

"Tujaribu mara nyingine," muuguzi akasema. "Hapa panauma, binti?"

Chiriku hakutikisa kichwa. Alimtazama baba yake.

"Baba, hutasema kitu?"

"Sitasema kitu, mama. Nipo hapa."

Muuguzi akasogeza kidole. Chiriku akavuta pumzi.

"Siyo hapo," akasema, kwa sauti ndogo. "Pembeni. Chini kidogo. Hapo. Hapo hapo, panachoma."

Kisha akalia. Alilia kilio cha siku zote zile kwa mara moja. Na kwa kuwa alikuwa Chiriku, alilia huku anasimulia: mbao, soli, msumari, mkate uliokuwa mgumu kumeza, usingizi uliokuwa haumjii. Baba yake alimshika kichwa na kulia naye, mwanaume mzima mbele ya foleni ya wagonjwa. Muuguzi alifanya kazi yake. Akamtia ganzi, akafungua kidogo pale palipoonyeshwa, akatoa kitu cheusi, kidogo kama punje ya mchele.

"Kipande cha soli," akasema. "Msumari ulikisukuma ndani. Hiki ndicho kilichokuwa kinaleta usaha." Akamwinamia Chiriku. "Aliyetibu mguu huu ni wewe."

Mguu ulipona. Ulichukua muda, na dawa zilikuwa chungu, na Chiriku aliwaambia watu wote jinsi zilivyo chungu. Baba yake akamnunulia viatu vipya, akaenda kwa muuza rangi wakaokota misumari yote pamoja. Shule zilipofungwa aliwachukua watoto wa mtaa wetu kwenda makumbusho. Walikimbilia bunduki, kama watoto wote. Chiriku akawavuta mikono mpaka kwenye kona ya machela, na Bi Miwani akamwachia asimulie. Alipoulizwa asilolijua alisema, "Hilo hatulijui," kwa maringo kama mwalimu mkuu.

Pale kwa kinyozi hadithi hazikukoma. Mungu apishe mbali, tungehama mtaa. Lakini sasa Mzee Chumvi akiongeza lake, kinyozi anasimamisha wembe hewani na kumuuliza, "Hilo tunalijua, au tunaliongeza?" Benchi zima linangoja. Mara nyingi Mzee Chumvi anajikuna kidevu na kusema, "Tunaliongeza." Watu wanacheka, na hadithi inaendelea bila hilo. Wala haijapoa. Mimi naiona imenoga zaidi, maana sasa tunabishana, tunauliza, na watoto wetu wanatukosoa.

Jumamosi moja benchi lilikuwa limejaa wanaume. Kinyozi alikuwa anasimulia habari za wale wanawake wawili wa machela huku anasafisha wembe wake. Wembe ukateleza, ukamkata kidole. Akakunja ngumi haraka, akaificha ndani ya kitambaa, akaendelea kusimulia. Sauti haikutetereka. Wanaume hawakugundua kitu.

Chiriku alikuwa anafagia. Akasimama na ufagio wake.

"Baba," akasema, "panauma?"

Hadithi ikakatika. Wanaume wote wakamtazama kinyozi. Kisha akaifungua ngumi, damu ikadondoka sakafuni.

"Panauma, mwanangu," akasema. "Panauma sana."

Chiriku akaweka ufagio chini, akaenda kuleta maji na sabuni.